Wikiendi ya pwani Shimoda, Japani: mimi na shemeji yenu, yen zilivyotoka na ya kujua kabla hujaenda

#1 · Mleta uzi

Wakuu, habari za humu.

Kila nikichungulia jukwaa hili nakuta wadau wa Japani wanaulizana mambo mawili: viza ya mke na kazi za kiwandani. Mke akishafika, atapelekwa wapi kupumzika, hilo halina uzi. Watu wanaishi hapa miaka, mume zamu ya usiku, mke zamu ya mchana, wanaachiana ujumbe mlangoni mwa friji, na siku moja wanayokutana inaishia kwenye kufua na foleni ya supamaketi. Huku ndugu nyumbani wanajua mpo Ulaya mnakula bata. (Kwao ng'ambo yote ni Ulaya, nimeshaacha kubishana.)

Sisi tunaishi Saitama, mkoa usiogusa bahari upande wowote. Shemeji yenu ni mzaliwa wa Jambiani, Unguja. Mimi mtu wa Singida, bahari nimeiona nikiwa na ndevu. Kwa hiyo anayelilia bahari nyumbani kwangu anajulikana. Mwisho wa Mei tukaomba ruhusa ya Jumatatu, tukaondoka Jumapili asubuhi.

Hiyo Jumapili ndiyo siri ya kwanza. Nyumba za wageni za Japani zinapandisha bei usiku wa Jumamosi na usiku wowote wa kuamkia sikukuu. Ukilala Jumapili, chumba kilekile, samaki yuleyule, unalipa bei ya siku za kazi. Na zile sikukuu zilizoshikana za mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei usithubutu, nchi nzima iko barabarani. Tarehe tulizochagua zilikuwa baada ya hizo na kabla ya masika yao, ambayo kwa upande huu wa nchi huanza kunyesha Juni.

Tulikwenda Shimoda, karibu na ncha ya rasi ya Izu, mkoa wa Shizuoka. Wengi mkisikia Izu mnawaza Atami, kwa sababu treni ya mwendo kasi inasimama pale na kutoka Tokyo saa nzima haiishi. Atami si pabaya: hoteli zimepandiana kilimani zinaitazama ghuba, na mara kadhaa kwa mwaka wanarusha fataki juu ya maji. Lakini ufukwe wake wa katikati ya mji umetengenezwa, mchanga umeletwa ukamwagwa. Tuliteremka kuuona wakati wa kubadilisha treni. Shemeji yenu aliukagua kwa unyayo, akaniambia, "Baba, twende mbele."

Usafiri ndipo pa kubania pesa. Kuna treni za kawaida zinazotoka Saitama, zinapita katikati ya Tokyo na kufika Atami bila kushuka hata mara moja. Unakaa saa mbili na ushei, unalala, unaamka bahari iko kushoto. Atami unapanda ya kwenda Ito hadi Shimoda, saa moja na nusu hivi. Nauli ya kawaida Tokyo hadi Shimoda ni kama yen 4,000 kwa mtu, na kadi ya nauli ya Suica inakufikisha. Ila ukipitiwa na usingizi Atami ukaendelea kuelekea Mishima, umeingia kwa kampuni nyingine ya reli na geti halitaitambua kadi hiyo.

Hapo kwenye reli ya Izu kuna kitu watalii wa haraka wanakikosa. Wana treni moja nyeusi na nyingine nyekundu iliyopakwa rangi ya samaki wao maarufu, na upande wa baharini viti vimegeuzwa vinatazama dirisha. Hazina nauli ya ziada. Angalia ratiba kwenye tovuti yao, kuna siku zinakuwa karakana. Ukiipata, kaa, funga mdomo, utazame: handaki, bahari, handaki, bahari, kijiji chenye mashua nane, handaki.

Naendelea chini, nabadilisha zamu.

#2 · Mdau, Dodoma

Uzi bila picha mkuu?

#3 · Mdau, Kinondoni

Yaani mtu anaacha Coco Beach ya bure anakwenda kulipia kutazama maji. Weka gharama ya chumba tuone kama una akili.

#4 · Mleta uzi

Picha zipo za mandhari, nitaweka. Za bafuni msitegemee, na sura ya shemeji yenu hamtaiona humu.

Mkuu wa Kinondoni, nakujibu. Tulilala ryokan, nyumba ya wageni ya kienyeji. Ndogo, ya familia, bibi mapokezi, mwanawe jikoni, mkwe anabeba sinia. Bei ilikuwa yen 13,000, na hapa sikilizeni vizuri wageni wa nchi: bei ya ryokan ni kwa KICHWA, si kwa chumba. Kwa hiyo wawili ni 26,000. Ndani yake kuna chakula cha jioni na cha asubuhi. Juu yake kuna kodi ya kuoga maji ya moto ya ardhini, yen 150 kila mtu. Bahashishi hakuna, ukiacha hela mezani wanaweza kukukimbilia hadi kituoni wakidhani umesahau.

Ni pesa, sikatai. Lakini ile siyo bei ya kitanda. Unaingia saa tisa alasiri, unavua viatu mlangoni, unapewa chumba cha mikeka ya tatami kisicho na kitu ila meza fupi, birika la chai na vazi la yukata lililokunjwa. Kitanda hukioni. Mkitoka kula, mtu anaingia kimyakimya anatandika magodoro chini. Yukata vaa upande wa kushoto uje juu ya wa kulia. Ukigeuza umevaa kama maiti wao wanavyovalishwa, na bibi wa mapokezi atakuja kukurekebisha mwenyewe kwa mikono yake, haoni haya.

Chakula ni saa kumi na mbili jioni. Wakisema saa kumi na mbili ni saa kumi na mbili, jiko linahesabu dakika. Na kilichonitesa ni mpangilio. Vinakuja vibakuli vidogovidogo, kimoja baada ya kingine: samaki mbichi waliokatwa vipande, mboga ya chumvi, kitu cha kukaanga, kitu cha mvuke. Akaja samaki mzima. Mtu wa Singida nikatazama kulia na kushoto, wali uko wapi? Nikamsubiri samaki naye akanisubiri, akapoa. Wali kwao unakuja MWISHO, na supu na achari, mezani hakuna tena cha kuulia. Waambieni mapema wawaletee wali pamoja na samaki, hawana neno.

Huyo samaki anaitwa kinmedai, na Shimoda ni kati ya bandari zinazoongoza Japani kwa kumshusha. Mwekundu kama shati la Simba, macho makubwa ya dhahabu kwa sababu anaishi mamia ya mita chini ambako mwanga haufiki. Nyama yake laini, ina mafuta, inaachia mfupa yenyewe.

#5 · Mdau, Kitakyushu

Mkuu huyo kinmedai kwa kawaida wanamchemsha na soya, sukari, mirin na sake. Mirin nayo ina pombe. Wewe na shemeji ni Waislamu au mlifumba macho?

#6 · Mdau, Mombasa

Hilo hata mimi nilitaka kuuliza. Na hayo mabafu ya kuingia uchi na watu, mke wa mtu wa Jambiani aliingiaje? Sisi wa Pwani hatuna ubavu huo bwana.

#7 · Mleta uzi

La chakula nimelijibu kabla ya safari kwa kuandika wakati wa kuweka nafasi: hatuli nguruwe, hatutumii pombe hata ya mapishi. Msiseme tu "halali", nyumba ndogo za pwani wengi neno hilo hawalijui kwa undani. Tajeni vitu kimoja kimoja, kwa Kijapani cha simu kinatosha, na mtaje siku kadhaa kabla maana soko la samaki ndilo linalopanga menyu. Wakatujibu kwamba watamchoma kwa chumvi. Ndivyo walivyofanya, na ndimu pembeni. Nilivyoona, alikuwa mtamu kuliko wa meza ya jirani aliyeogelea kwenye mchuzi mweusi.

La bafu, mwenyewe ameshika simu anasoma mnavyoandika. Nampa.

#8 · Shemeji yenu (simu ya mleta uzi)

Assalaam alaykum. Ndiyo mie mwenyewe.

Kaka wa Mombasa, tulia. Mabafu ya pamoja yapo ya wanawake mbali na ya wanaume mbali, lakini ndani kila mtu mtupu, na nguo ya kuogelea hawataki. Mie hilo siliwezi na sikulifanya. Kuna kitu wanaita kashikiri: bafu unaloazimwa peke yenu, mke na mume au familia, mnafunga mlango na komeo. Nyumba nyengine wanalipisha yen 2,000 au 3,000 kwa dakika 45 au 50, nyengine ni bure, unageuza kibao mlangoni tu. Letu lilikuwa bure. Kwa hivyo mukitafuta nyumba, musitazame picha za chumba, tafuteni kwanza kama kashikiri ipo. Wenye mchoro mwilini pia linawafaa, maana mabafu mengi ya pamoja hayapokei watu wenye michoro.

Adabu yake: unakaa kwenye kigoda kidogo, unajisugua na sabuni mpaka uishe wewe, unajisuuza, ndiyo unaingia. Maji yale ni ya kujiloweka, si ya kujitakasia. Kitaulo kidogo usikitie majini, weka kichwani. Joto lake ni digrii 41, 42, mume wangu aliingia kwa awamu kama anaingia deni. Lilikuwa la mbao, juu wazi, ukuta hadi shingoni, mbele bahari. Nilikaa mule mpaka vidole vikakunjana. Miezi yote ya baridi ya Saitama iliyonikaa mgongoni iliniachia.

Sasa nataka nieleze nilichokiona mie, maana huyu atakuandikieni treni mpaka kesho.

Jumatatu asubuhi tulipanda basi hadi Shirahama, ni dakika kumi hivi kutoka kituo cha Shimoda. Mchanga pale ni mweupe wa kweli, si wa kumwagwa. Kwenye jiwe lililoingia baharini pamesimama lango jekundu la hekalu lao, wanasema hekalu hilo ni kongwe kuliko yote Izu. Maji ya Mei nilitia miguu nikaitoa, baridi ile si ya mtu wa Jambiani. Lakini kilichonisimamisha hakikuwa bahari. Tulipita pembeni ya bandari ndogo, nikakuta mwani umetandazwa kwenye sakafu ya saruji, unaanikwa.

Mama yangu analima mwani. Mie nimekua nikishuka naye maji yakitoka, bamvua, vijiti na kamba, tunafunga. Kwetu kilimo hicho kilianza mwaka 1989, na wengi wanaokifanya ni wanawake. Kwa hivyo nilichutama pale kama niko uani kwetu. Bibi mmoja aliyekuwa anaugeuza akaniangalia, nikamwonyesha kwenye simu picha ya mama yuko majini na gunia lake. Akaita wenziwe.

Wao hawaupandi. Unaota wenyewe mawe ya chini, wapo wanaouzamia na wapo wanaookota unaoletwa na mawimbi. Unaitwa tengusa. Ukitoka ni mwekundu wa zambarau, wanauosha kwa maji baridi, wanauanika, wanauosha tena, wanauanika tena, kila mara rangi inakimbia mpaka unakuwa manjano ya majani makavu. Bibi alinishikisha wa leo na wa zamani, mkono huu na mkono huu. Wa leo umelowa na unanukia pwani. Wa zamani mwepesi, hauna harufu, unakwaruza.

Halafu akaniingiza kibandani kwake. Wanauchemsha, wanauchuja, ukipoa unaganda wenyewe kama faluda. Kipande chake kinatiwa kwenye kisanduku cha mbao chenye wavu wa nyaya mwishoni, unasukuma kwa mti, kinatoka upande wa pili kimekuwa tambi. Anatia siki na soya, mnakula na baridi yake. Alinipa mti nisukume mie. Ladha hauna sana, ni ule utelezi na siki. Nilimaliza bakuli.

Kwetu mwani tunaukausha, tunautia guniani, unaondoka. Unakwenda kutengenezwa vitu huko, sie tunapata bei ya kilo. Ule wa cottonii wenye bei nzuri zaidi nao maji yakipata joto unakufa. Bibi aliuliza tunaulaje. Nikamwambia siku hizi wapo wanaotia kwenye sabuni na juisi, lakini mama yangu hajawahi kuula. Akanitazama kama nimemwambia tunafuga kuku hatuli mayai.

Haya, narudisha simu.

#9 · Mdau, Kinondoni

Shemeji ameuokoa huu uzi. Mkuu mwachie aandike yeye.

#10 · Mdau, Nagoya

Swali mbili. Moja: mapokezi walidai pasipoti? Mimi kila hoteli wananidai na kuipiga kopi wakati nina kadi ya ukaazi. Mbili: nimesikia Shimoda ni eneo la tsunami, hamkuogopa kulala karibu na maji?

#11 · Mleta uzi

Mkuu wa Nagoya, la kwanza lina jibu la kisheria. Kinachotakiwa na serikali ni pasipoti ya mgeni ASIYE na makazi Japani. Wewe una anwani hapa, unaandika jina, anwani na mawasiliano yako kwenye karatasi kama Mjapani yeyote, basi. Bibi wetu naye aliomba pasipoti kwa mazoea. Nikamwambia kwa upole, "Naishi Saitama," nikaandika anwani kwa kanji (herufi zao) zangu za kupinda, akacheka, akanipa ufunguo. Usigombane nao, wengi hawajaelezwa vizuri. Lakini kadi ya ukaazi tembea nayo kila siku, polisi akiiomba ni lazima uionyeshe.

La pili. Ndiyo, ni eneo lake, na hawalifichi. Nguzo za barabarani zina vibao vinavyokuambia hapo uliposimama ni mita ngapi juu ya bahari. Chumbani kuna ramani ya njia ya kukimbilia kilimani na tochi iliyobandikwa ukutani. Tulitembea njia ile jioni, kwa yukata na ndala za mbao, tukaijua. Ukitikiswa kwa nguvu au kwa muda mrefu usingoje king'ora, panda. Na saa kumi na moja jioni vipaza sauti vya mji vikipiga wimbo, usikimbie, ni majaribio yao ya kila siku.

Tsunami maarufu ya mji huo ni ya Desemba 1854. Miezi kadhaa kabla, mkataba na Wamarekani ulikuwa umeifungua Shimoda kwa meli zao, baada ya Perry, kamanda wa jeshi la majini la Marekani, kuja na zile meli nyeusi (ndiyo maana ya ile treni nyeusi niliyowaambia). Wakati huo Warusi nao walikuwa bandarini wakijadili mkataba wao. Bahari ikapanda, ikafagia karibu nyumba zote za mji na kuiharibu meli ya Warusi, Diana, ambayo ilikuja kuzama ikiwa inavutwa kwenda kutengenezwa. Maseremala wa kijiji cha Heda, upande wa pili wa rasi, wakawajengea Warusi meli mpya ya kurudia kwao. Mkataba nao ukasainiwa palepale Shimoda, Februari 1855. Mimi historia ya shule ilinipita, hii niliisoma nikiwa nasubiri shemeji yenu atoke bafuni.

#12 · Mdau, Kitakyushu

Na kamba koche? Nasikia Izu ndiyo kwao.

#13 · Mleta uzi

Ndiyo, lakini kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Septemba uvuvi wake unafungwa wazaliane. Ukimwona kwenye menyu mwezi wa saba, ujue ametoka kwingine au ametoka kwenye friji. Anayemtaka aende vuli.

#14 · Mdau, Mombasa

Nami naja Tokyo mwezi wa pili kwa mafunzo ya miezi mitatu, mke atanifuata. Baridi hiyo pwani kuna maana kweli, au tungoje Aprili?

#15 · Mleta uzi

Nendeni Februari, msingoje. Vituo vichache kabla ya Shimoda, kwenye reli ileile, kuna mji wa Kawazu wenye aina yake ya maua ya cheri, ya waridi iliyokolea, yanachanua Februari hadi mwanzo wa Machi wakati Tokyo miti bado ni vijiti. Yamepandwa kandokando ya mto kuanzia karibu na kituo. Wikiendi pale hapapitiki, kwa hiyo chukueni siku ya kazi, na nyumba mlale Shimoda, si Kawazu. Maji ya moto wakati wa baridi ndiyo yanakuwa maji ya moto. Na wewe utakuwa mgeni bila makazi, kwa hiyo pasipoti yako na ya shemeji mzibebe, hapo hawatakosea kuziomba. Nitumie tarehe faragha, nikutafutie nyumba zenye kashikiri.